Kubemenda: Uhakiki wa Neno Moja

Msomaji, umezoea kuwaona wahakiki wakikalia kitabu kizima, wakawapima watu waliomo, wakalaumu mahali na kusifu mahali. Leo naomba ukae nami juu ya neno moja tu. Ni neno ambalo hulikuti mara nyingi katika vitabu vya darasani, lakini limo vinywani mwa watu wengi wa pwani ya Kenya na wa Tanzania, nalo limekata mashauri mengi katika nyumba zenye mtoto mchanga kuliko vitabu vingi nivijuavyo. Neno hilo ni kubemenda.

Tuseme mtoto ametimiza mwaka mmoja na nusu na bado hajasimama dede. Mbavu zake zahesabika, au pengine miguu imevimba na tumbo limetuna, nywele zimepauka, hana hamu ya kucheza, na akilia hulia kwa sauti nyembamba isiyo na nguvu. Jirani ataingia, atamtazama, hatasema kitu mbele ya wenyewe. Akifika njiani atamwambia mwenzake, "Mtoto yule kabemendwa." Maana yake ni kwamba wazazi hawakustahimili. Walivunja mwiko wa faragha ya mume na mke kabla mtoto hajaacha ziwa, au baba alitoka nje ya ndoa yake, kisha akarudi akampakata mtoto, na uchafu wa tendo lile ukamwingia mtoto akadhoofika. Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda wana neno lao, chirwa, lenye maana ya jamaa moja na hii. Kwa Waluo iko chira, nayo ni pana zaidi, kwa sababu hukusanya maradhi mengi ya kukonda yanayodhaniwa kuletwa na kuvunjwa kwa miiko. Basi usidhani kwamba nasema habari za mtaa mmoja au za kabila moja.

Kijana aliyesoma elimu ya viumbe huenda akacheka, akasema kwamba huo ni ushirikina, na mambo yakaishia hapo. Kicheko hicho ni rahisi, na uhakiki ulio rahisi haufai kitu. Neno lililodumu kwa vizazi vingi halikudumu kwa upumbavu mtupu. Lazima liwe limeona jambo fulani. Kazi yetu ni kuuliza limeona nini, na limefumbia macho nini. Nami nitakuambia mapema shaka yangu ilipo: nadhani neno hili lilimwona baba, kisha likamfukuza.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa sarufi hufichua mawazo ya watu ambao hawakukusudia kuyafichua. Kubemenda ni kitenzi kinachodai mtendwa. Mtu hawezi kubemenda hivi hivi. Lazima ambemende mtoto. Kwa hiyo neno lenyewe lakiri kwamba mtoto huyu hakudhoofika kwa nafsi yake. Yuko mtu aliyemfanyia. Sasa litazame neno ambalo wauguzi na maafisa wa serikali hulitumia siku hizi: kudumaa. Mtoto amedumaa. Nani amemdumaza? Neno halisemi. Limekaa kama kuduwaa na kuzubaa, hali zimpatazo mtu bila ya mwingine kuguswa. Kudumaza lipo, ni kweli, lakini ni nadra kulisikia likimtaja mtu. Husemwa kwamba njaa ilimdumaza mtoto, au maradhi.

Neno la tatu lilitoka mbali. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iliyoitwa wakati ule Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto uliohusiana na chakula cha mahindi matupu. Mwaka 1935 aliuandikia tena, safari hii kwa jina alilolipata kwa wenyeji wenyewe wasemao lugha ya Kiga: kwashiorkor, ambalo sisi tumeligeuza kuwa kwashakoo. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto anapozaliwa mdogo wake, yaani mtoto aliyeondolewa mahali pake. Mimi nalipenda neno hili. La kwanza lashitaki, la pili lanyamaza, hili la tatu lasimulia. Katika neno moja umeonyeshwa kifua cha mama, mtoto aliyekuwapo, mtoto ajaye, na nafasi isiyotosha wawili.

Sasa rudi kwenye kubemenda uone jinsi lilivyokaribia kusema jambo lile lile. Wazee waliona kwamba mama akishika mimba nyingine upesi, mtoto aliyeko mgongoni huharibika. Waliona sawasawa. Katika nyumba nyingi mtoto huyo aliachishwa ziwa siku ile ile mimba ilipojulikana, akapewa uji mwepesi wa mahindi, na baada ya miezi michache hakuwa yule tena. Shirika la Afya Duniani leo lashauri kwamba baada ya kujifungua ipite angalau miezi 24 kabla mama hajashika mimba nyingine. Wazee wetu walifika karibu na hesabu hiyo bila kalamu. Tena waliona kwamba jambo hili halimhusu mama peke yake. Waliuweka mzigo juu ya mume pia, wakamwambia: jizuie, kwa maana uzima wa mtoto u mikononi mwako. Kwa wakati wao, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini njia waliyoifuata kueleza sababu ilikuwa ya kubahatisha, nayo iliwapoteza. Maziwa ya mama hayaharibiki kwa faragha ya mume na mke. Elimu ya mwili haijui mlango wowote ambao uchafu huo ungepitia. Hata mama aliyeshika mimba aweza mara nyingi kuendelea kunyonyesha. Kinachomwangusha mtoto ni kukatiziwa maziwa ghafula na kupewa badala yake chakula kisichomtosha. Liko jambo moja tu ambalo sitaki kulipita, maana hofu ya zamani juu ya mume mtembezi ina chembe ya ukweli ndani yake: baba akileta virusi vya UKIMWI nyumbani, mama anyonyeshaye aweza kuambukizwa, na mtoto akaambukizwa kwa maziwa yake, ikiwa mama hapati dawa. Njia hiyo ni ya kweli. Nayo hupimwa kwa damu katika zahanati, si kwa minong'ono ya njiani.

Kosa kubwa la neno hili, hata hivyo, haliko katika elimu ya maziwa. Liko katika mkono wa baba. Hebu lisikilize tena kwa sikio la kijana ambaye mkewe amejifungua juzi. Aambiwa kwamba jasho lake laweza kumdhuru mtoto, kwamba asimpakate akitoka asikojulikana, kwamba kumgusa kwake kwaweza kuwa sumu. Kijana mwema atafanya nini? Atakaa mbali. Ataona kwamba kumpenda mtoto ni kutomkaribia. Na kijana asiye mwema atafurahi zaidi, maana amepewa ruhusa ya heshima ya kutoamka usiku. Mwiko uliokusudiwa kumfunga baba ulimfungua. Mtoto akinenepa, baba atasifiwa kwa kuwa alijitenga. Akidhoofika, ataulizwa alilala wapi. Hakuna siku atakayoulizwa mtoto amekula nini.

Tena neno hili hufanya ugonjwa kuwa ushahidi. Mtoto aliyekonda akipelekwa hospitali, wazazi wake huona kwamba wanatembeza aibu yao hadharani. Baba atakataa, kwa kuwa kukubali matibabu kwaonekana kama kukiri kosa. Mama atamfunika mtoto kwa kanga mpaka kichwani, amfiche chumbani, na atatafutwa mganga wa kuondoa mkosi. Wakati huo wiki zapita. Na katika maradhi haya wiki ni kitu kikubwa. Mhudumu wa afya wa kijijini ana utepe mwembamba wenye rangi tatu, ambao huuzungusha katika mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kipimo kikipungua sentimita 12.5 mtoto amekonda, kikipungua 11.5 yu hatarini, na asipotibiwa aweza kufa kwa ugonjwa ambao mtoto mnene angeupona. Utepe huo hauulizi baba alikuwa wapi usiku. Ni kifaa kisicho na umbeya hata kidogo.

Huenda ukasema kwamba hayo ni ya kale na watu wameamka. Tazama hesabu. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao kimepungua kupita mpaka uliowekwa kwa umri wao. Mwaka 2014 walikuwa 26, basi twapaswa kushukuru. Lakini katika Kaunti ya Kilifi walikuwa 37 katika kila 100, na hakuna kaunti iliyoipita. Kilifi ina bahari yenye samaki, ina minazi na mikorosho. Sitaki kusema kwamba chirwa au kubemenda ndiko kulikowadumaza watoto hao. Umaskini, ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, maji machafu na minyoo vina sehemu yao, na sehemu yao ni kubwa. Nasema tu kwamba katika nchi hiyo hiyo ambamo watoto wengi hawakui, pana neno lililo tayari kueleza kila kukonda, na maelezo yake hayana sufuria ndani yake.

Wala usikubali kuambiwa kwamba ufupi huu ni wa ukoo au wa asili ya watu fulani. Kipimo kitumiwacho tangu mwaka 2006 kilitengenezwa kwa kuwapima watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vizuri na kutunzwa vizuri, na ilionekana kwamba katika miaka yao ya kwanza walikua karibu sawasawa. Mtoto wa Accra na mtoto wa Oslo, wakipata ziwa, chakula, maji safi na chanjo, hawaachani sana. Kilichobaki ni malezi, na malezi yana watu wake.

Na watu hao ni nani? Hapa methali zetu zatupa majibu mawili. Twasema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Baba hakutajwa, mtoto akiharibika, pana mama na pana ulimwengu, hapana mtu wa tatu. Lakini twasema pia, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," na methali hii ina haki zaidi, maana ile u- yake humwambia yeyote aisikiaye, awe mume au mke. Nyingine husema, "Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana," nayo nathubutu kuisahihisha kidogo, kwa sababu twajua leo kwamba kulea mimba ni kazi pia. Siku ambazo kimo na ubongo wa mtoto huvijenga msingi wake huhesabiwa tangu mama anaposhika mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili: siku 270 tumboni na 730 nje, jumla 1,000. Baada ya hapo mtoto aliyedumaa ni vigumu kuirudisha hasara yake yote.

Ukitafuta baba katika siku hizo elfu ndani ya fasihi yetu, utatembea sana. Mwana Kupona mwaka 1858 alimwachia binti yake utenzi wa mawaidha, na twamheshimu kwa hilo; yeye ni mama. Shaaban Robert alimwandikia binti yake Hati, na mwanawe akamwandikia Adili. Yeye ni baba, tena baba mwenye huruma. Lakini utaona kwamba baba wa vitabuni huanza kazi yake mtoto anapoweza kusikiliza nasaha. Kabla ya hapo, mtoto asipoweza ila kulia, kunyonya na kulala, baba yuko safarini, yuko barazani, yuko kazini. Silaumu watunzi kwa kutoandika habari za uji. Nasema kwamba mtoto aliyedumaa akiwa na miezi 20 atazisikia nasaha za baba yake akiwa na miaka saba kwa akili iliyokwisha kunyimwa haki yake, na nasaha hata ziwe nzuri vipi haziwezi kujaza pengo la chakula.

Sasa tuwageukie wa upande wa pili, wale wanaojiona wameendelea. Kliniki nayo ina lugha yake, na yafaa ihakikiwe kwa ukali ule ule. Kijitabu ambacho hupewa mama mjamzito katika zahanati za Kenya, ambamo huandikwa chanjo na uzito wa mtoto, jina lake ni la mama na mtoto. Mafunzo ya lishe hutolewa asubuhi kwa wanawake waliokaa kwenye benchi. Baba akijitokeza na mtoto mkononi, swali la kwanza mara nyingi huwa, "Mama yake yuko wapi?" kana kwamba ameokota mtoto njiani. Muuguzi hana nia mbaya. Amefuata kijitabu. Neno la zamani lilimshitaki baba, kijitabu kipya kimemsahau. Na kati ya mashitaka na kusahauliwa, mtu mwenye uchovu wa kazi atachagua kusahauliwa.

Kusahauliwa huko kuna gharama, maana mama hufundishwa mambo ambayo hana amri nayo. Aambiwa kwamba mtoto anyonye maziwa matupu mpaka miezi sita, kisha aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Aambiwa uji uwe mzito, utiwe njugu zilizosagwa, au maziwa, au dagaa waliopondwa. Ampe yai, maharage, mboga za majani na matunda. Ni mafundisho mema. Lakini kuku ni wa nani? Katika nyumba nyingi mayai huuzwa, na fedha zake hununua sukari ya chai ya wageni. Mbuzi anayekamwa ni wa nani? Samaki akiletwa, nani hutengewa kichwa na minofu, na nani hupewa mchuzi wa kulowekea ugali? Mama mkwe asemapo kwamba mtoto wa miezi mitatu ana kiu na apewe maji, nani katika nyumba ile awezaye kumjibu mama mkwe pasipo ugomvi? Ni mwanawe, naye ndiye baba ambaye hakuwapo benchini. Kumfundisha mama peke yake ni kama kumfundisha nahodha mizani ya upepo na kumwachia tanga mtu mwingine.

Najua kwamba baba wengi hawana mbuzi wala kuku. Baba anayefua mawe kwa ujira wa siku hawezi kununua mayai kila asubuhi, na mtu akimwita mzembe nitamtetea. Tena wako waliohamia Mombasa au Nairobi, nao hutuma fedha kwa simu kila wapatapo. Hao nawasifu, ila nina swali moja kwao. Mtu atumapo fedha huuliza kama zimefika. Nisikie pia akiuliza, "Mtoto ana kilo ngapi mwezi huu? Mwezi uliopita alikuwa na ngapi?" Swali hilo halina ada, na anayeulizwa hujua kwamba jambo hilo linatazamwa na watu wawili. Mtoto ambaye uzito wake haukupanda kwa miezi miwili mfululizo ameanza kusema na wakubwa wake, ijapokuwa bado mashavu yake yanaonekana mazuri.

Kwa wale wasemao kwamba kumbeba mtoto mchanga si desturi ya mwanamume wa Kiafrika, nina habari ya misituni. Waaka ni wawindaji waishio katika misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na kaskazini ya Kongo. Mwanachuo wa Kimarekani aitwaye Barry Hewlett alikaa nao, akahesabu saa, na mwaka 1991 akatoa kitabu juu ya baba zao. Aliona kwamba baba wa Kiaka huwa amempakata mtoto wake, au yu karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono, karibu nusu ya siku nzima. Mtu huyo ni mwindaji wa nyavu, na hakuna aliyemcheka. Basi yule asemaye "desturi ya Kiafrika" ataje Afrika ipi.

Mpaka hapa nimesema juu ya mtoto ambaye hakui kwa kukosa chakula au kwa maradhi ya mara kwa mara. Wako wengine ambao hawakui hata sahani ikijaa, na kwao neno kubemenda ni ukatili mtupu. Kuna mtoto ambaye tezi ya shingoni haifanyi kazi tangu kuzaliwa. Asipopewa kidonge kila siku hudumaa mwili na akili. Kuna mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji, ahitajiye sindano kila siku kwa miaka mingi, dawa iliyo ghali mno kwa wengi wetu. Kuna mwenye ugonjwa wa selimundu, na mwenye tundu moyoni. Yote hayo hutambuliwa kwa vipimo, na safari za hospitali ni nyingi, za mbali, na zachosha. Mzazi mmoja akiachiwa peke yake huzikatiza.

Lakini nataka ukae kidogo juu ya mtoto mmoja, yule mwenye mikono na miguu mifupi na kichwa kikubwa, ambaye watu humwita majina nisiyopenda kuyarudia. Hali yake madaktari huiita akondroplasia. Mtoto huyu akizaliwa, mara nyingi vita huanza wodini. Baba hutazama, hukumbuka kwamba kwao hakuna mtu mfupi, hugeuka akamtazama mkewe. Wengine huondoka siku hiyo hiyo, wakasema kwamba mtoto si wao, au kwamba ukoo wa mke una laana. Sasa sikiliza elimu ilivyosema. Mwaka 1994 wanasayansi waligundua badiliko dogo katika chembe za urithi liletalo hali hii. Katika kila watoto 10 wenye hali hiyo, karibu 8 huzaliwa na wazazi wenye kimo cha kawaida. Badiliko hilo ni jipya, halikuwamo kwa baba wala kwa mama. Nalo badiliko jipya hutokea karibu siku zote katika mbegu za baba, na nafasi yake huongezeka kadiri umri wa baba unavyoongezeka. Kwa hiyo yule anayemwacha mkewe kwa sababu ya mtoto huyu amekimbia jambo lililotoka kwake mwenyewe.

Hapo naogopa kidogo, msomaji, maana naona jinsi ilivyo rahisi kuligeuza jambo hili kuwa kubemenda kwa mavazi mapya: jana tulisema baba alitembea, leo tuseme mbegu zake ni mbovu. La. Badiliko hili halichaguliwi na mtu, halitokani na dhambi wala uzembe, na hakuna baba awezaye kulizuia kwa nia njema. Nimelitaja ili nimwondolee mama lawama isiyo yake, sio nimtwike baba. Mtoto mwenyewe ana akili timamu kama wenzake. Ana mambo yake ya kuangaliwa: namna apumuavyo usingizini, masikio yanayouma mara kwa mara, uti wa mgongo, kwa hiyo asikalishwe mapema kabla shingo na mgongo havijapata nguvu. Akikua atataka kigoda cha kuwekea miguu chini ya dawati, bomba la maji analoweza kulifikia, na mtu mzima wa kwenda naye shuleni siku ya kwanza ili watoto wengine waone kwamba ana mtu. Fundi seremala awezaye kutengeneza kigoda hicho kwa nusu saa yumo katika kila mtaa.

Sheria, kwa upande wake, imekwisha kusema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na yasema kwamba wajibu wa mama na wa baba ni sawa, wameoana au hawakuoana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa baba likizo ya wiki mbili kwa mshahara kamili mtoto wake anapozaliwa. Mimi nazihesabu: siku 14 katika zile 1,000. Na hizo 14 ni za mwenye mwajiri. Mvuvi, mchuuzi na fundi wa jua kali hawana wa kumwomba likizo. Hata hivyo hao wa mwisho mara nyingi ndio wanaolala nyumbani, na siku ya kliniki ya mwezi haichukui zaidi ya asubuhi moja.

Limebaki neno moja la kutazamwa, nalo ni kulea. Katika mitaa mingi, ukisikia kwamba fulani hakwenda shamba kwa sababu analea, huulizi kama fulani ni mwanamke, umekwisha kujua. Mwanamume akiifanya kazi ile ile, akamwogesha mtoto, akamlisha, akamtembeza barazani apate usingizi, watu hawasemi kwamba analea. Husema kwamba anamsaidia mkewe. Itazame sentensi hiyo kama tulivyotazama zile za mwanzo. Kitenzi kimebadilika, na mtendwa wake amebadilika pia. Anayefanyiwa jambo sasa ni mke, na mtoto, ambaye ndiye aliyelishwa, hayumo kabisa. Sikiliza nyumbani kwenu juma hili uone ni kitenzi kipi kinachotumiwa, na nani hutajwa baada yake.